Elfu Kumi, Mia Nne na Tatu

Sadala aliacha shule kidato cha kwanza, siku ya mtihani wa hesabu. Hakufukuzwa na mtu. Aliiangalia ile karatasi, ikamwangalia, akainuka akaenda zake kula mihogo. Tangu siku hiyo yeye na hesabu wakawa kama majirani waliogombania mpaka: wakikutana njiani kila mmoja anatazama upande wake. Akawa dereva wa bodaboda Handeni mjini. Nauli anaijua, chenji anaijua, zaidi ya hapo asisumbuliwe.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyemtia babu yake matatani kwa hesabu. Na si kwa ujinga, ni kwa mdomo. Mdomo wa Sadala ulikuwa unatangulia safari, akili inakuja na gari la jioni.

Ilikuwa Jumapili. Dada yake, Tatu, alikuwa anaolewa Jumamosi inayofuata, na babu yao, Mzee Semboja, alitaka kadi ya mwaliko aipeleke mwenyewe kwa mtani wake kule Ngombezi. Sadala akampakia kwenye pikipiki, kofia ya viua kichwani, kadi mfukoni, wakashuka Korogwe.

Mtani mwenyewe ni Mzee Yordani, Mnyamwezi, aliyekuja kukata mkonge akiwa hana hata ndevu, akasahau kurudi kwao. Semboja, Mzigua wa Handeni, naye alikata mkonge hapo hapo miaka sita. Walilala chumba kimoja kambini, wakazoeana mpaka wakaanza kutukanana, wakatukanana mpaka wakawa ndugu. Salamu yao ilikuwa hii:

"Mzigua, bado hujafa?"

"Nife, wewe atakuzika nani? Ulivyokonda hata jeneza litakukataa."

Basi, hapo wamesalimiana. Shikamoo hakuna. Zaidi ya miaka hamsini walikuwa hawajakubaliana nani mkubwa. Hakuna aliyezaliwa na cheti. Semboja akisema alizaliwa mwaka wa nzige, Yordani anasema nzige hao hao yeye aliwafukuza kwa kupiga debe. Kila mmoja alikuwa anaisubiri shikamoo ya mwenzake kama mtu anavyosubiri mvua Handeni, yaani kwa hasira.

Siku hiyo, baada ya kuisoma kadi, Mzee Yordani akaingia ndani akatoka na kopo la majani ya chai. Sadala alilijua kopo hilo. Kila mtu aliyewahi kunywa uji kwa Mzee Yordani alilijua. Ndani mlikuwa na kipande chake cha kazi, kadi iliyochakaa mpaka imelegea kama kitambaa, na juu yake namba: 10403.

"Enzi zetu huitwi jina," Mzee Yordani akaanza, kama anavyoanza siku zote. "Karani anaita elfu kumi, mia nne na tatu! Mimi naitika, nipo! Na wakati wa kupumzika tulikuwa na mchezo. Kila mtu namba yake inaandikwa mchangani, tunaigawa. Huyu babu yako alikuwa elfu kumi, mia nne kumi na sita. Loo! Kwa mbili inagawanyika, kwa tatu inagawanyika, kwa nne, kwa sita, kwa saba, kwa nane. Kila mwenye mkono alichota, kama ubwabwa wa maulidi."

"Ilikuwa namba ya ukarimu," Semboja akasema.

"Ilikuwa namba ya malaya! Yangu je? Kwa mbili, inabaki moja. Kwa tatu, zinabaki mbili. Kwa saba, moja. Ukifunga mafungu ya thelathini kama majani ya mkonge, unabaki na ishirini na tatu mkononi, hujui uzipeleke wapi. Karani akaniambia, Yordani, namba yako ni jeuri. Haijagawanywa na mtu mpaka leo."

Mjukuu wake, Asnath, alikuwa anakuna nazi pembeni. Huyu alimaliza kidato cha sita na alikuwa na duka la vitabu na madaftari Korogwe mjini.

"Nami nimeijaribu, Sadala," akasema. "Hiyo ni namba tasa."

"Tasa nani?" Mzee Yordani akaruka. "Nina watoto tisa!"

"Babu, ndivyo inavyoitwa kitabuni."

"Basi kitabu kina matusi."

Hapo mtu mwenye akili anacheka, anakunywa uji wake, anaaga. Sadala akasema, "Hakuna namba isiyogawanyika. Labda waliokuwa wanagawa hawakuwa na njaa."

Hata mbuzi ya nazi ilisimama.

"Wewe," Mzee Yordani akasema polepole, "si ndiye uliyekimbia shule kwa kuogopa hesabu?"

"Sikuogopa. Niliidharau."

"Utaigawa wewe?"

"Naigawa. Jumamosi, harusini kwa Tatu. Nikiigawa, wewe utampa babu shikamoo mbele ya watu wote. Nikishindwa," na hapa ndipo lile gari la jioni lilikuwa bado halijafika, "babu atakupa wewe."

Mzee Semboja alikuwa na kikombe cha uji mdomoni. Hakukishusha. Kilibaki hapo hapo, macho juu ya ukingo wake yakimtazama mjukuu kama anamsahau.

"Mkono!" Mzee Yordani akaunyakua mkono wa Semboja ulio huru, akautikisa. "Mtani, tumepatana. Lakini sitaki simu. Simu ilinitumia ujumbe kwamba nimeshinda gari, mpaka leo silioni. Nataka nione kwa macho, kama shamba. Mistari iliyo sawa sawa, hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Mimi nilimaliza kazi nikiwa nyapara, najua kukagua mistari."

Barabara nzima ya kurudi Handeni, babu hakusema neno. Walipofika nyumbani akashuka, akakunja kanzu, akasema, "Nikilazimika kumwamkia yule mtoto, harusini siji."

"Babu, wewe ndiye walii."

"Najua."

"Baba hayupo. Bila wewe nani atamwozesha Tatu?"

"Muulize aliyeufungua mdomo."

Akaingia ndani. Tatu alikuwa mlangoni, mkono wa kushoto umekwisha pakwa hina ya majaribio. Alikuwa amesikia yote.

"Sadala," akasema kwa upole wa kutisha, "hiyo namba ukishindwa kuigawa, nitakugawa wewe."

Jumatatu Sadala alishinda kijiweni na simu mkononi. Mzee hataki simu, sawa, lakini kuchungulia si dhambi. Akagawa kwa mbili, ikakataa. Tatu, ikakataa. Kumi na moja, zikabaki nane. Kumi na tatu, zikabaki tatu. Kila abiria aliyekuja aliambiwa, "Subiri kidogo, niko kumi na saba." Mwenzake wa kijiweni, Zaidi, akawa anachukua abiria wake wote na kumwachia pole. Sadala alipofika thelathini na saba, zikabaki sita, akaona kizunguzungu kile kile cha kidato cha kwanza, akaizima simu.

Jioni hiyo Asnath akampigia.

"Usijichoshe. Mimi nimeenda moja moja mpaka mia. Ikikataa mpaka mia imekataa. Mwambie babu yako aanze kufanya mazoezi ya shikamoo."

"Wewe una raha, babu yako ndiye anayeamkiwa."

"Nina raha sana. Nimeshanunua gauni."

Jumanne akaamka na wazo la mtu asiye na wazo: kama Mzee anataka kuona kwa macho, na yeye ataangalia kwa macho. Akaomba gunia la mahindi kwa mama mkubwa, akatandika turubai uani, akaanza kuhesabu punje. Mia moja, anaweka kijiti. Mia nyingine, kijiti. Watu waliokuja kupika maandazi ya harusi wakawa wanampita kwa pembeni kama wanavyompita mgonjwa. Ilimchukua siku mbili, na adui mmoja: kuku wa Tatu, jike jekundu lenye shingo isiyo na manyoya, ambaye aliamini turubai hilo limetandikwa kwa heshima yake. Sadala alihesabu kwa mdomo na kurusha kandambili kwa mkono.

Alhamisi asubuhi punje zilitimia, elfu kumi, mia nne na tatu, na akaanza kupanga mistari. Akapanga mia mia. Ikatoka mistari mia moja na minne, na punje tatu zikabaki zinamkodolea macho.

Mzee Semboja alikuwa amekaa barazani, amempa mgongo, siku ya nne hiyo hawaongei. Lakini mkata mkonge ni mkata mkonge. Mgongo wake ukashindwa kuvumilia.

"Shamba gani hilo?" akasema bila kugeuka. "Limekuwa refu kuliko upana. Sisi tulikuwa tukitaka kujua kama kuna pengo, tunaliangalia shamba lililo mraba. Urefu huu, upana huo huo. Pengo linajitokeza lenyewe, halijifichi."

Sadala hakujibu, aliogopa babu asije akanyamaza tena. Akaivunja ile mistari minne ya mwisho na zile punje tatu, akaanza kuzigawia mistari mingine, mbili mbili, ili kila mstari uwe na mia moja na mbili. Zilizobaki akazipangia mistari mipya ya urefu huo huo. Jua likapanda, jasho likawa linadondokea mahindi. Mistari ikaja ikafika mia moja na mmoja, yote imejaa. Akapanga wa mia moja na mbili, wa mwisho. Mia na mbili kwenda, mia na mbili kushuka, mraba mtupu! Tisini na nane, tisini na tisa, mia, mia na moja...

Mkono ukagonga turubai. Punje zimekwisha.

Kwenye kona, mahali pa punje moja tu, palikuwa peupe.

"Kuku!" Sadala akapiga ukelele ambao ulimtoa Tatu jikoni na mwiko. "Kuku wako kala moja! Moja tu, Tatu! Kwenye punje elfu kumi, kala ile moja!"

Akamfukuza yule kuku mara mbili kuzunguka nyumba, kandambili moja mguuni. Kuku akapanda juu ya paa la choo akamtazama kwa jicho moja, na jicho hilo halikuwa na hatia.

Sadala akarudi anahema. Akaitazama ile kona. Akalitazama gunia lililobaki na mahindi nusu. Akachukua punje moja, akaiweka. Mraba ukatimia. Ulikuwa mzuri ajabu. Kutoka pembe yoyote uliyoangalia, mistari inanyooka kama imepigwa kamba.

"Itoe," babu akasema.

Sasa alikuwa amegeuka.

"Babu, ni kuku..."

"Si kuku. Nimekuangalia siku mbili ukihesabu, hakula hata moja, ulimpiga kandambili hata akiota ndoto. Hiyo punje si ya Yordani. Yeye ni elfu kumi, mia nne na tatu. Wewe umemfanya kuwa na nne. Mnyamwezi yule atahesabu zote mpaka chini, nami nitaamkia mtu na bado nitaitwa mwizi wa punje. Itoe."

Sadala akaitoa. Akakaa chini kwenye mchanga. Alitaka kulia lakini Tatu alikuwa bado amesimama na mwiko.

"Moja tu," akasema. "Miaka yote hiyo haigawanyiki kwa sababu ya moja tu."

Akawa anautazama ule mstari wa mwisho, mlemavu, wenye pengo. Una punje ngapi? Mia na moja. Juu yake kuna mistari mizima mingapi? Akarudia kuhesabu kwa kidole. Mia na mmoja.

Babu aliyeijua sura ya mjukuu wake tangu utotoni hakuwahi kuiona hiyo: Sadala amefunga mdomo na anafikiri.

"Babu. Huu mstari wa mwisho ni wageni. Hawana nyumba. Na hizi nyumba ziko mia na moja."

Akaichukua punje ya kwanza ya mstari wa mwisho, akaipeleka mwisho wa mstari wa kwanza. Ya pili kwa mstari wa pili. Kila nyumba mgeni mmoja. Tatu akauacha mwiko, akawa anazihesabu kwa sauti. Babu akashuka barazani na fimbo. Hata wapika maandazi wakasogea. Ilipobaki punje moja mkononi, ulikuwa umebaki mstari mmoja usio na mgeni, na Sadala akaiweka kama anamvisha mtu pete.

Mistari mia na mmoja. Kila mmoja punje mia na tatu. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua.

"Lile pengo ndilo lililoigawa," Sadala akasema. Aliwaangalia wote, mmoja mmoja, kama kuna mtu alimwibia kitu kidato cha kwanza na leo amekiona. "Ingekuwa na ile moja, wageni wangezidi nyumba."

Mzee Semboja aliingia ndani, akatoka na kanzu yake ya harusi, akaianika kwenye kamba ipate hewa.

Jumamosi Mzee Yordani alifika mapema, koti la suti, kopo la majani ya chai kwapani, Asnath nyuma yake na gauni lake jipya. Shehe alikuwa ameshakaa, bwana harusi ameshakaa, lakini walii alikuwa uani, amesimama kando ya turubai kama mtu mwenye shamba.

"Liko wapi?" Mzee Yordani akauliza.

"Kagua, nyapara," Semboja akamjibu.

Akakagua. Akatembea pembeni kwa fimbo, anainama, jicho moja amelifumba, anatafuta mstari uliopinda. Akahesabu mistari: mia na mmoja. Akachagua mstari katikati, ghafla, ili ausome ukiwa hauna habari: mia na tatu. Akachagua mwingine: mia na tatu. Uso wake ukawa unashuka taratibu kama ndoo kisimani.

Asnath alikuwa amekwisha toa simu kwenye mkoba, kwa siri.

"Mia na moja mara mia na tatu..." Akashika mdomo. "Babu. Ni yenyewe. Mimi nilisimama mia! Nilibakiza moja tu!"

"Mwenda mia karudi mlangoni," Sadala akamwambia. "Na gauni umenunua."

"Nyamaza wewe, hata jina la ulichokifanya hulijui."

"Silijui, lakini nimekifanya."

Mzee Yordani akalifungua kopo, akakitoa kipande, akakitazama muda mrefu. "Ulimshinda karani," akakiambia. "Ukaja kugawanywa na bodaboda." Kisha akavua kofia, akamkabili Semboja. Harusi nzima ilikuwa imehamia uani. Watoto wamepanda juu ya mapipa.

"Shi..." akakohoa. "Vumbi la Handeni hili."

"Tunalisubiri litue," Semboja akasema.

"Shikamoo."

Semboja akaweka kiganja sikioni. "Upepo."

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Unasoma darasa la ngapi?"

Uani hapakukalika. Mama mkubwa alicheka mpaka akashikiliwa. Shehe alifunika uso kwa kitabu chake. Semboja akatoa pipi mfukoni, aliyokuwa amejiandaa nayo, akampa Mzee Yordani, akamshika bega akalibinya kidogo, kisha akainyoosha kanzu yake akaingia ndani kumwozesha Tatu kwa sauti ambayo ilisikika mpaka stendi.

Mzee Yordani hakuingia. Alibaki uani na pipi shavuni, anaitazama ile mistari. Sadala, ambaye siku hiyo alikuwa mkubwa kuliko bwana harusi, akamfuata.

"Babu, njoo ule pilau."

"Kijana, hapa mna kuku?"

"Yupo mmoja."

"Ahaa." Mzee akavuta kigoda. "Na wewe unaniapia kwamba hakula hata moja? Kama zilikuwa na nne akala moja, zingeonekana hivi hivi. Shikamoo ile ilikuwa ya muda. Namba yangu siiachii kwa kukisia. Lete hiyo sahani huku, nahesabu upya zote."

"Zote? Elfu kumi?"

"Mia nne na tatu. Sina haraka, mimi ni mkubwa kuliko nyote."

Ngoma ikaanza, Tatu akatolewa nje, watu wakala, wengine wakaondoka na vifurushi vyao. Mzee Yordani alikuwa kwenye kigoda, sahani ya pilau gotini, anazisogeza punje moja moja kwa ncha ya fimbo. Akina mama walipompita walimsikia yuko elfu tatu na kitu. Alipofika elfu sita, mia mbili na tisa, lile jike jekundu lenye shingo tupu likashuka kutoka juu ya paa la choo, likatembea taratibu kama mgeni aliyechelewa lakini ana kadi, likapita katikati ya mistari, likadonoa.

Mzee Yordani aliitupa fimbo. Sadala aliirusha kandambili. Fimbo ikampata Sadala, kandambili ikaipata sahani ya pilau, na kuku akala nyingine mbili kwa utulivu.

Kulipotulia, Mzee Yordani alipangusa wali kwenye koti, akalivuta gunia la mahindi likamkaa karibu, akapeleka mkono ndani.

"Moja," akasema.